Uzi Mwekundu Shingoni mwa Chupa

Kuna watu wanaofuga njiwa, na kuna watu wanaofuga ugomvi. Fundi Koili alifuga mawe. Hakuyaokota njiani, aliyaotesha mwenyewe ndani ya mitungi ya kioo, kutoka unga na maji, siku baada ya siku, mpaka yakawa na pembe na nyuso utadhani yamekatwa kwa wembe. Mengine yalikuwa ya bluu, mengine ya kijani, mengine ya zambarau iliyokolea hadi ukiyaangalia upesi unasema meusi. Ukimuuliza yana faida gani, anakutazama kama mtu aliyeulizwa mtoto wake ana faida gani.

Kazi iliyomweka mjini ilikuwa kusuka mota. Mota ya pampu ikiungua, mota ya kinu cha kusaga ikiungua, analetewa yeye. Anazing'oa nyaya za shaba zilizoungua na kusuka mpya, koili baada ya koili, mdomo umefungwa kwa sababu anahesabu. Jina lake lilitoka huko. Na mawe nayo yalitoka huko huko. Alipokuwa bado anajifunza kazi alifungua mota iliyolowa maji, akakuta shaba imeota kitu cha kijani, kizuri kama moto wa kijani uliogandishwa. Bwana aliyemfundisha akamwambia, "Hiyo kutu tu, futa." Alifuta, lakini iliyobaki kwenye ncha ya kisu aliificha kwenye kiberiti. Usiku ule akaitia siki. Ikageuka bluu. Tangu hapo siki haikukaa nyumbani kwao.

Shule yake iliishia darasa la saba. Kemia aliisoma kwenye kitabu kisicho na jalada, alichokikuta kwa muuza karanga kikingoja kuchanwa vifungashio. Kurasa kumi na nne za mwanzo zilikuwa zimeshaondoka na karanga. Alikitafuna neno kwa neno, miaka na miaka. Alianza na mrututu, ule wa bluu wanaonyunyizia mimea. Akaja shabu, lile jiwe jeupe ambalo vinyozi humpaka mtu kidevuni akikatwa. Halafu akaingia kwenye yale yasiyoonekana ovyo: la kijani linaloogopa mwanga, ambalo jua likiliona tu linaanza kunyauka kuwa manjano, akalifungia kwenye kasha kama mgonjwa wa macho, na la zambarau la kromu, ambalo maji yake ukiyachemsha kupita kiasi yananuna, yanakuwa ya kijani, na wiki nzima hayakupi hata chembe.

Lakini kipenzi chake kilikuwa kobalti. Alipewa vijiko viwili vya unga mweusi na mzee mmoja aliyekuwa akipaka rangi vigae, karakana yake ilipofungwa. Kuuyeyusha kwa asidi kulimchukua mwezi mzima, nje uani, kitambaa puani, akisimama upande unakotoka upepo. Yakatoka maji ya waridi, mazuri, matulivu. Akayashibisha chumvi ya jikoni. Siku ile akamwita mkewe, akapasha moto kidogo kwenye bilauri: maji yakawa bluu. Akayaacha yapoe: yakarudi waridi.

"Kumbe ni kama mwanamume," mkewe akasema. "Akiguswa na joto kidogo tu anageuka."

"Akipoa si anarudi?"

"Anarudi, lakini mimi nishamwona."

Walikuwa wakiishi hivyo, kwa kutaniana, miaka thelathini na moja. Na utani wao ulisimama juu ya sheria moja, ambayo mama huyu aliitunga tangu mwaka wa kwanza: chupa yoyote ya jikoni ikiingia kwenye kazi ya mawe, kabla haijatiwa kitu, inafungwa uzi mwekundu shingoni. Mizunguko saba, mafundo mawili. Karatasi za majina zilikuwa zinabanduka kwa unyevu, na yeye macho yake hayakupenda maandishi madogo. Uzi alikuwa anaujua hata gizani, kwa vidole. Chenye uzi ni sumu, hakiguswi. Kisicho na uzi ni chakula. Watoto walikua, wakaoa na kuolewa, hakuna aliyewahi kuumwa hata tumbo.

Dada mkubwa wa mama huyu ndiye pekee ambaye hakuukubali uzi. Kila akija mgeni hapo nyumbani alikuwa akiketi mbali na mlango wa stoo, anamwambia shemeji yake, "Mganga wa Chupa, iko siku utaua mtu. Omba Mungu asiwe mimi, maana nitakusumbua."

Stoo hiyo ilikuwa chumba chembamba nyuma ya jiko, chenye baridi kuliko nyumba nzima. Rafu ya juu ilikuwa ya bwana. Rafu ya chini ya bibi, aliyeweka hapo chupa zake za sharubati ili zisichache. Chupa zenyewe zilikuwa zile zile, za kioo, kifuniko cha bati. Na sharubati yake, nawaambia mapema, ilikuwa ya rangi ya waridi.

Sasa sikilizeni kosa lilivyoingia.

Asubuhi hiyo Fundi alikuwa na kazi ambayo aliingoja wiki sita. Alikuwa na mbegu ya zambarau, jiwe dogo kama punje ya harage, lisilo na ufa. Alitaka kulitumbukiza kwenye maji yaliyoshiba shabu nyeupe, ili shabu ilivike koti safi juu ya ile zambarau, iwe kama kaa la moto ndani ya barafu. Maji aliyatayarisha alfajiri. Yalikuwa yanapoa. Mambo haya yana dakika zake: ukiitia mbegu maji yakiwa moto, inayeyuka, ukichelewa, maji yanatapika chembe chini ya mtungi na kazi imekwisha. Akanyoosha mkono kuchukua uzi wa nailoni wa kufungia mbegu. Kopo la nailoni lilikuwa tupu.

Akapekua droo. Hakuna. Kwenye kibanda cha kazi upo, lakini kibanda ni mwendo wa dakika kumi. Akagusa mtungi: vuguvugu. Akatazama juu, na uzi ukamtazama: mwekundu, mwembamba, imara, umezunguka mara saba kwenye shingo ya chupa ya kobalti. Akaishusha chupa, akaiweka rafu ya chini ili apate mikono miwili, akaufungua. "Nitaurudisha sasa hivi," akaiambia chupa, kama mtu anayeazima koti.

Akafunga mbegu, akaizamisha, urefu uliobaki akauzungushia penseli iliyolala juu ya mdomo wa mtungi. Akakaa akiangalia kama inashika. Ilikuwa inashika. Simu ikalia: kinu cha kusaga kimesimama, watu wamepanga foleni na mahindi yao, aje haraka. Akaondoka anatabasamu.

Alirudi saa kumi kasoro dakika tano, mikono mieusi kwa vanishi ya mota, akaenda moja kwa moja stoo kama mtu anayekwenda kumwangalia mtoto aliyelala. Mbegu ilikuwa imevaa ngozi nyembamba inayong'aa. Kutoka kwenye mbegu, uzi mwekundu ulipanda moja kwa moja hadi kwenye penseli.

Aliutazama ule uzi. Kwanza aliupenda. Halafu akakumbuka alikoutoa.

Rafu ya chini ilikuwa na chupa mbili. Asubuhi zilikuwa tatu, pamoja na ile yake. Akazinyanyua moja moja, akazifungua, akanusa: sharubati, sharubati. Kikapu cha mkewe hakikuwa msumarini. Kanga yake ya kutokea haikuwa mlangoni. Ndipo akakumbuka aliyoambiwa jana yake akiwa anasikia kwa sikio moja: kesho nakwenda kumwona dada, daktari amemruhusu kunywa vitu vya maji maji tangu apasuliwe, nitampelekea sharubati maana kailia tangu Jumatatu.

Akampigia. Simu ikaita chumbani, juu ya kitanda, ilikoachwa ikichajiwa.

Akampigia shemeji. Imezimwa.

Saa ya kutazama wagonjwa ilikuwa saa kumi kamili. Fundi alirukia baiskeli yake hata mlango hakuufunga. Tairi la nyuma lilikuwa na upepo nusu, baiskeli ikawa inalia kama bata kila mzunguko. Alikuwa na miaka sitini na mitatu na miguu ya mtu anayekaa kwenye stuli. Kila mlima alihesabu kama anavyohesabu koili, mizunguko arobaini, mizunguko hamsini, na katikati ya hesabu akaona kikombe kinajazwa, mama mgonjwa anaketishwa, mto unawekwa mgongoni, "kunywa dada, taratibu." Alijua kitu kile kinafanya nini tumboni, na kwenye moyo. Alikuwa ameandika mwenyewe kwenye daftari lake, kwa wino mwekundu, akapigia mstari.

Getini kulikuwa na mlinzi wa makamo, amejifunga skafu shingoni kwenye joto lile, anakohoa.

"Unakwenda wapi, mzee?"

"Wodi ya akina mama. Haraka, ndugu yangu."

"Wote wana haraka. Hiyo mikono ni ya nini? Umetoka kuchinja mkaa?"

"Ni vanishi. Nakuomba. Amepita mama mmoja, mfupi, ana kikapu..."

"Mzee, leo wamepita akina mama wenye vikapu kama sitini. Wafupi nusu." Akakohoa tena, akajishika kifua. Nyuma yake, ndani ya kibanda, kikombe cha bati kilikuwa juu ya jiko dogo la umeme, kimefunikwa kisahani. "Andika jina hapa. Na saa."

Fundi akaandika kitu ambacho hata yeye asingekisoma, akakimbia.

Wodi ilikuwa ndefu, vitanda pande mbili, wageni wamejaa kila pengo. Alimwona shemeji yake kitanda cha mwisho kabla hajaonwa. Ameketishwa. Mto uko mgongoni. Mkewe ameinama, na kikombe cha plastiki kiko mdomoni mwa mgonjwa.

Fundi hakungoja kupiga kelele. Alinyoosha tu mkono kutoka hatua mbili na kukipiga kile kikombe. Kiliruka, kikagonga ukuta, na maziwa yakamwagika shukani, kwenye kanga, kwenye kifua cha mgonjwa.

Maziwa. Meupe.

Wageni wote wakageuka.

"Shemeji," mgonjwa akasema, maziwa yakimdondoka kidevuni. "Umekuja kunitazama au kunikogesha?"

"Umekunywa ile ya waridi? Sharubati? Umekunywa?"

"Sharubati gani! Nimenyimwa. Na maziwa nayo umeyapiga kofi. Sasa ninywe nini, mate?"

Mkewe alikuwa anamwangalia usoni, na kile alichokiona pale kilimfanya asiulize maswali mengi. "Chupa haikuingia," alisema polepole. "Mlinzi kasema vinywaji vya nyumbani hawaruhusu. Nikaona kumwaga ni dhambi, ana kikohozi yule baba, nikamwambia kunywa wewe, dada nikamnunulia maziwa ya hapa hapa. Fundi... ilikuwa ya nani ile chupa?"

Alikuwa ameshageuka. Alikimbia tena katikati ya vitanda, na safari hii mkewe nyuma yake, kandambili zikipiga sakafu. Kile kikombe cha bati. Kile kisahani. Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka sumu yake mwenyewe, akiandika jina.

Mlinzi alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, kikombe amekishika mbali na mwili kwa mkono ulionyooka, kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. Alipomwona mama yule akaja juu.

"Ndiye huyu! Wewe mama, umenipa kitu gani? Hebu njoo uangalie!"

Ndani ya kikombe maji yalikuwa bluu. Bluu kabisa, bluu ya wino.

"Mimi vya baridi sinywi, kifua kinanibana," mlinzi alisema. "Nimepasha. Nafunua, naona hivi! Chupani ni waridi, kikombeni bluu! Nimekukosea nini mimi? Getini hapa nimekuzuia kwa sababu ni sheria, si kwa sababu nakuchukia."

"Umekunywa?" Fundi akauliza.

"Na wewe nani? Mmetumwa wangapi?"

"Umekunywa, baba? Kiasi gani? Niambie!"

Mlinzi akamwona vizuri, akaacha kufoka. "Nilitia kidole kuona kama imepata moto. Nikalamba kidole. Chumvi tupu. Nikatema." Kisha, kwa sauti ndogo: "Kwani ni nini?"

"Ni sumu," Fundi akasema. "Ni yangu. Nimeitengeneza mimi. Twende kwa daktari, sasa hivi, na hicho kikombe usikimwage."

Daktari wa zamu alikuwa binti mwembamba mwenye macho ya mtu ambaye hajalala. Aliuliza jambo moja: ndani mna nini hasa? Fundi akatoa daftari mfukoni mwa shati, lililokuwa linakaa siku zote nyuma ya tesa yake ya kupimia umeme, akafungua ukurasa. Vijiko vya unga, vipimo vya asidi, chumvi kiasi gani, tarehe, na chini kabisa mstari wa wino mwekundu. Daktari alisoma mara mbili. Akamwosha mlinzi mdomo, akamnywesha maji, akampima moyo, akasema kwa tone la kidole hatarajii baya, ila akae hapo benchini mpaka saa moja aangaliwe. "Lakini angekunywa kikombe," akasema, hakumalizia. "Imekuwaje ikafika hapa?"

Fundi alifungua mdomo. Mkewe akawahi.

"Kosa ni langu, daktari. Chupa zake zina uzi mwekundu, tuna miaka thelathini na uzi huo. Mimi ndiye nilichukua bila kuangalia vizuri. Macho yangu yamezeeka. Niliipapasa hata shingo, nikaona haina kitu. Hata vidole navyo vimezeeka."

Aliitazama mikono yake alipokuwa anasema hivyo, akaigeuza upande huu na upande ule.

Na Fundi akanyamaza. Ninamsimulia kwa kuwa nampenda, lakini siwezi kumficha: alinyamaza. Alijiambia si mahali pake mbele ya wageni. Alijiambia kwanza mgonjwa aangaliwe. Akaketi benchini pamoja na mlinzi, kikombe kati yao kimefunikwa kwa karatasi iliyoandikwa USIGUSE, na kila baada ya dakika kumi anamuuliza, "Tumbo?" na mlinzi anajibu, "Lipo." Mara ya sita mlinzi akafunua karatasi kidogo, akachungulia. Maji yalikuwa yamerudi waridi.

"Hee! Imerudi!"

"Ikipoa inarudi."

"Isingegeuka ningeipiga yote. Nilikuwa na kiu." Mlinzi akafunika. "Mzee, hii kazi yako nzuri, lakini usiifanye jirani na watu wenye kiu."

Saa moja daktari alimruhusu. Kikombe na chupa vilibaki hospitali, vimwagwe wanakojua wao. Fundi na mkewe wakatembea kurudi, yeye akisukuma baiskeli, tairi sasa halina upepo kabisa. Mama yule aliongea njia nzima, jambo ambalo si kawaida yake. Kwamba kesho atakwenda kwa daktari wa macho. Kwamba jikoni asiachwe tena peke yake, labda binti yao aje akae nao. Kwamba dada yake alikuwa anasema kweli, ila amekosea muuaji. Katikati ya njia alisimama, akamwomba msamaha.

"Wewe umetunza sheria yangu miaka yote. Mimi nimeivunja siku moja, ningeua baba wa watu."

Kama kuna mzigo mzito kuliko msamaha unaoombwa na mtu asiye na kosa, Fundi hakuwahi kuubeba. Alikuwa na chaguo, na lilikuwa jepesi mno: uzi uko mtungini, usiku huu autoe, autupe, nani atajua? Mkewe atavaa miwani asiyoihitaji. Ataogopa vidole vyake mwenyewe maisha yake yote yaliyobaki. Na jiwe litakua.

Walifika nyumbani, mlango wazi alivyouacha. Mama akaingia jikoni kuwasha taa.

"Usikae," Fundi akamwambia. "Njoo stoo."

"Sitaki kuingia huko leo."

"Njoo, mke wangu."

Akamsimamisha mbele ya mtungi. Akainua penseli, na uzi ukatoka majini polepole, mwekundu, unadondosha matone, na mwisho wake mbegu ya zambarau ndani ya ngozi yake ya kioo, ndogo, inang'aa kwenye taa kama jicho. Alijua kuitoa sasa ni kuiharibu, maji yale hayatakubali tena. Akaendelea kuinua.

Mkewe akaushika uzi kwa vidole viwili. Akaupapasa. Akazifikia zile alama za kupinda zilizoachwa na mafundo mawili.

"Lini?"

"Asubuhi. Nailoni ilikwisha. Nilisema nitaurudisha."

"Kwa hiyo shingo haikuwa na kitu."

"Haikuwa na kitu. Vidole vyako havina ubaya. Wala macho."

"Na kwa daktari ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na njiani. Nimekuomba msamaha njiani, umeshika baiskeli tu."

"Ndiyo."

Tone moja likadondoka kutoka kwenye jiwe, likaanguka mtungini, likasikika. Fundi alisubiri matusi. Angeyapokea kama mvua. Hayakuja. Mama akauchukua ule uzi wote, na penseli akaiweka kando.

"Inama," akasema.

Akainama. Mkewe akauzungusha shingoni mwake, mara moja tu, maana shingo ya mtu si ya chupa, akafunga mafundo mawili, yale yale, kwa nguvu ya mtu mwenye vidole vizima. Jiwe likakaa kooni, la baridi, bado limelowa.

"Usiuvue mpaka niseme," alimwambia. Akatoka na chupa zake mbili za sharubati, akazipeleka chumbani, chini ya kitanda upande wake.

Hazikurudi stoo tena. Na uzi haukuvuliwa wiki hiyo, wala iliyofuata. Kwenye kinu walimcheka, akasuka mota na jiwe lake kooni. Shabu nyeupe ikafifia kwa jasho, ikabaki zambarau peke yake.

Mwezi ulipokwisha shemeji yake alitoka hospitali, akaja kupumzikia kwao. Aliketi mbali na mlango wa stoo kama kawaida, akamkodolea macho.

"Mganga wa Chupa, siku hizi unavaa mikufu? Huo uzi wa nini shingoni?"

Fundi akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa anamimina sharubati, hata hakuinua kichwa.

"Si unaujua, dada," akasema. "Chenye uzi hakiguswi bila kuniuliza mimi."